Kuacha nyama ukiwa Arusha au Moshi: anzia kwenye sufuria ya maharage

Wengi wanaojaribu kuacha nyama hawashindwi na utamu wake. Wanashindwa na saa. Ni saa kumi na mbili jioni, umetoka kazini, bucha liko njiani, nusu kilo ya steki itaiva kabla ya taarifa ya habari, na maharage yako bado ni makavu ndani ya mfuko. Hapo azimio la jana halina nguvu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu jambo moja: jinsi ya kuwa na maharage yaliyoiva nyumbani siku zote za wiki. Ukilimudu hilo, mengine ni mepesi.

Kwa nini uache

Mwaka 2015 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliziweka nyama za kusindikwa (soseji, bekoni, nyama za kopo) kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani. Nyama nyekundu iliwekwa kwenye kundi linalofuata, la vitu vinavyoelekea kuisababisha. Kwa hesabu yao, kila gramu 50 za nyama ya kusindikwa zinazoliwa kwa siku, yaani kama soseji moja, huongeza uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Mwenye gauti naye anajua usiku unaofuata siku ya nyama choma: nyama, na zaidi maini na figo, huongeza asidi ya yuriki kwenye damu. Ajue pia kwamba pombe hufanya hivyohivyo, kwa hiyo kuacha nyama na kubaki na bia ni kufanya kazi nusu.

Upande wa mazingira, ng'ombe akicheua hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto karibu mara 28 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikadiria mwaka 2013 kwamba ufugaji wote huchangia asilimia 14.5 ya gesijoto zinazotokana na shughuli za binadamu. Mharage, kwa upande wake, huvuta naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa bakteria walio kwenye mizizi yake, na huacha sehemu ya rutuba hiyo shambani.

Hatumsemi mfugaji wa Longido au Monduli, kwenye nyika isiyostawisha mahindi. Wala hatumsemi ng'ombe wa zizini kule Machame ambaye samadi yake ndiyo inayolisha migomba na kahawa ya kihamba. Tunasema na mtu wa mjini anayekula nyama karibu kila siku kwa sababu tu ndiyo iliyo karibu.

Kabla hujaanza

Amua unaacha nini hasa, na ulitamke kwa ukamilifu. Kwetu neno "nyama" mara nyingi ni ng'ombe na mbuzi tu. Ukisema "sili nyama" utaletewa kuku kwa moyo mweupe kabisa, na ukimkataa kuku utaletewa dagaa. Sema: "Sili nyama, wala kuku, wala samaki, wala mchuzi wake." Maziwa, mtindi na mayai ni uamuzi mwingine. Ushauri wetu ni ubaki navyo angalau mwaka wa kwanza, kwa sababu ya vitamini B12.

Vitamini hiyo haipatikani kwenye mimea kwa kiwango cha kutegemewa. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 kwa siku. Glasi mbili za maziwa au mtindi na yai moja vinakaribia au kufika hapo. Anayeacha na hivyo pia lazima ameze vidonge vya B12, na hili halina mjadala. Ubaya wake ni kwamba ini huwa na akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo mtu hujiona mzima kabisa, halafu baadaye ganzi inaanza kwenye nyayo na vidole, ulimi unauma, uchovu hauishi. Mishipa ya fahamu ikishaharibika, huenda isirudi.

Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye upungufu wa damu, mgonjwa wa figo na anayetumia dawa za kisukari waongee kwanza na daktari au mtaalamu wa lishe. Mtoto aliye chini ya miaka miwili asiingizwe kwenye mpango huu kwa uamuzi wa nyumbani tu.

Sufuria ya Jumapili

Kwa familia ya watu wanne, pika kilo moja ya maharage makavu Jumapili na kilo nyingine Jumatano. Kilo moja kavu hutoa karibu kilo mbili na nusu zilizoiva, yaani kikombe kizito kwa kila mtu kwa siku tatu. Ukinunua kwa sado ya lita 4 iliyojazwa sawa na ukingo, umebeba karibu kilo tatu. Soko la Kilombero, Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi, au Mbuyuni kwa watu wa Moshi, kote utapata aina za kuchagua.

Cha kuangalia ni umri wa maharage kuliko rangi. Maharage mapya yana rangi angavu. Yaliyokaa stoo msimu mzima kwenye joto hukolea, na mengine hayalainiki hata uyapike siku nzima. Uma moja kwa jino: jipya hubonyea kidogo, la zamani hukataa kama kokoto. Usichanganye maharage ya wauzaji wawili kwenye sufuria moja, maana nusu yatapondeka wakati nusu bado yanagonga meno. Aina za Lyamungo (jina linatoka kwenye kituo cha utafiti kule Hai), makubwa yenye madoa mekundu, zina mchuzi mzito na zinafaa kuanzia. Selian 97, nyekundu iliyokolea, ni tamu pia, ila ina sharti lake kwenye hatua ya nne.

1. Chambua kwenye ungo, toa mawe na yaliyooza, osha.

2. Loweka usiku kwa maji mara tatu ya ujazo wa maharage, saa 8 hadi 12. Kukiwa na joto, kama Moshi mwezi wa pili, badilisha maji mara moja, la sivyo asubuhi utakuta povu na harufu ya uchachu.

3. Mwaga maji ya kuloweka. Ndani yake mna sehemu ya sukari zinazoleta gesi tumboni.

4. Weka maji mapya yapite maharage kwa vidole vitatu, uchemshe kwa moto mkali dakika 30 kamili, mapovu makubwa yakipasuka juu. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo hufa kwa mchemko mkali. Kwa moto mdogo peke yake haifi, na mtu anaweza kutapika kwa punje chache tu.

5. Kisha punguza moto, funika, acha yaive.

Hapo kwenye "yaive" ndipo mgeni kutoka Dar anaposhangaa. Arusha mjini iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Moshi mjini, iliyo chini zaidi, ni nyuzi 97. Nyuzi hizo chache zinaongeza muda mrefu jikoni, na maharage yaleyale yaliyoiva haraka Tanga yatakuchelewesha Sakina au Marangu. Jiko la presha linamaliza tatizo hili: yaliyolowekwa yanaiva kwa dakika 25 hivi tangu presha ipande. Usijaze kupita nusu, kwa sababu maganda na povu huziba tundu la mvuke.

Jua kama yameiva kwa kuchukua punje tano kutoka sehemu tofauti za sufuria. Bonyeza kila moja kwa ulimi dhidi ya kaakaa. Zote tano lazima zisambaratike kama unga mlaini, bila chembe ngumu katikati. Nne kati ya tano hazitoshi, rudisha motoni.

Nyanya, ndimu na ukwaju visiguse maharage kabla hayajaiva. Tindikali hukaza ganda, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya maharage "yasiyoiva". Sababu ya pili ni uzee wake. Sababu ya tatu ni maji magumu yenye chokaa.

Kuhusu magadi: ni kweli yanalainisha haraka, na kwa wengi kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, hakikamiliki bila hayo. Lakini yanaharibu vitamini B1, yakizidi yanaacha ladha ya sabuni, na magadi ya huku yanaweza kuwa na floridi nyingi. Maji ya miteremko ya Meru tayari yana floridi inayoyapaka meno ya watoto rangi ya kahawia, kwa hiyo hakuna haja ya kuiongeza kila wiki. Kuloweka kunatosha.

Kapu badala ya gunia la mkaa

Anayeacha nyama kwa ajili ya mazingira halafu akachemsha maharage saa tatu kwa mkaa amehamishia mzigo msituni. Dawa yake ni rahisi kuliko inavyoonekana. Chukua kapu au ndoo kubwa inayozidi sufuria yako kwa kiganja kizima kila upande. Jaza chini na pembeni majani makavu ya migomba yaliyoshindiliwa, au vipande vya godoro la zamani, unene wa sentimita 10 au zaidi, ubakishe shimo linaloikaa sufuria sawasawa. Shona mto wa kitambaa uliojazwa vitu hivyohivyo, uwe kifuniko.

Maharage yaliyolowekwa yakishachemka zile dakika 30, funika sufuria ikiwa bado inatokota, iweke kapuni mara moja, kandamiza mto juu, uache saa nne. Kwa njia hii weka maji ya vidole viwili tu juu ya maharage, kwa kuwa mvuke hautoki. Ukitoa, rudisha motoni yachemke tena dakika kumi kabla ya kula.

Makosa ya kapu ni matatu. Sufuria iliyojaa nusu tu hupoa haraka, kwa hiyo iwe robo tatu au zaidi. Kuchungulia katikati kunamaliza joto. Na kuyaacha humo hadi kesho yake ni hatari, kwa sababu yakishakuwa vuguvugu yanachacha.

Kuhifadhi

Maharage ya akiba yahifadhiwe yakiwa yamechemshwa tu, bila kitunguu, nyanya wala nazi. Hivyo viungo ndivyo vinavyowahi kuharibika. Yapoze upesi kwenye vyombo vifupi, si ndani ya sufuria kubwa iliyofunikwa. Kwenye friji yanakaa siku tatu hadi nne, kwenye friza miezi mitatu. Asiye na friji apike nusu kilo na ayachemshe vizuri asubuhi na jioni, mwisho siku mbili. Kila jioni unachota kinachotosha, unaunga kwa dakika 15. Hapo bucha la njiani linakuwa limepoteza faida yake ya haraka.

Sahani isiyo na shimo

Kosa kubwa la wiki ya kwanza ni kuondoa nyama bila kuweka kitu mahali pake. Ugali na mchicha peke yake utakuacha na njaa saa nne asubuhi, utasema mwili wako "haukubali" kuacha nyama, kumbe ulijinyima protini. Mtu wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 48 kwa siku. Ziko hivi: kikombe cha maharage yaliyoiva (gramu 200) kina 17, kikombe kidogo cha choroko au dengu 10, yai 6, glasi ya mtindi 8, kiganja cha karanga 7. Ugali wa gramu 150 za unga nao una kama 12. Ukila vyote hivyo ndani ya siku umepita kiwango bila kuhesabu wali wala mboga.

Usikae kwenye maharage tu. Ngwara, mbaazi, kunde, njegere na dengu vyote viko sokoni, na choroko huiva haraka hata bila kulowekwa, kwa hiyo ndiyo ya kukimbilia siku uliyosahau. Nyama ya soya ya pakiti ina protini nyingi, ila wengi wanaipika vibaya: iloweke kwa maji ya moto dakika 15, ikamue kwa nguvu, suuza, ikamue tena, ndipo uikaange hadi iwe kahawia. Usipoikamua itanuka na kuteleza mdomoni.

Karanga zikaguliwe. Zilizosinyaa, zenye rangi ya ajabu au ukungu zitupwe, kwa kuwa sumukuvu haitoki kwa kukaanga. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyohiyo.

Madini ya chuma ya mimea huingia mwilini kwa shida kuliko ya nyama. Kamulia ndimu kwenye mnafu au maharage ukishaepua, au kula na chungwa au papai. Na chai isubiri saa moja baada ya chakula. Chai ya rangi na ya maziwa zote huzuia chuma, na ile desturi ya chapati, maharage na chai pamoja asubuhi ndiyo inayowapotezea wengi kile walichokula.

Machalari bila nyama

Chakula hiki cha ndizi zilizopikwa na nyama tumekichagua kwa sababu ndicho watu wa Kilimanjaro wanachosema hakiwezekani. (Kiburu, loshoro na makande havihitaji maelezo, tangu zamani vinasimama bila nyama.) Nyama kwenye machalari inafanya kazi tatu: inatoa ladha ya kukaangwa, inatoa mafuta, na mifupa yake inafanya mchuzi uwe mzito. Lazima ujaze nafasi zote tatu.

Kwa watu wanne: ndizi mshare 16, vitunguu 3, nyanya 4, karoti 2, hoho 1, punje 5 za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, uyoga gramu 250, maharage yaliyoiva vikombe 2 pamoja na mchuzi wake, karanga zilizosagwa vijiko 3 vya chakula, mafuta vijiko 4, ndimu na chumvi.

Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya, utomvu wa ndizi ukikauka hautoki kwenye vidole wala nguo. Kila ndizi iliyomenywa iingie kwenye maji yenye ndimu isiwe nyeusi. Kaanga vitunguu kwa moto wa wastani na chumvi kidogo, bila haraka, dakika 12 hadi 15, mpaka viwe na rangi ya ngozi ya karanga. Hapa ndipo ladha inapotengenezwa, na hapa ndipo wapishi wengi wanapokosea kwa kuweka nyanya vitunguu vikiwa bado vyeupe. Uyoga ukaange peke yake, moto mkali, bila kufunika: utatoa maji, yatakauka, kisha kingo zitaanza kuwa kahawia. Ukiujaza kwenye sufuria moja na vitunguu utachemka tu na kubaki kama mpira.

Weka saumu na tangawizi, halafu nyanya, ukaange hadi mafuta yaelee juu. Ndipo ziingie karoti, ndizi na mchuzi wa maharage unaozifikia usawa wake. Funika dakika 20. Usikoroge kwa mwiko, tikisa sufuria. Ndizi zikianza kulainika, toa mbili, ziponde kabisa na uzirudishe, hizo ndizo zitakazofanya mchuzi uwe mzito badala ya mifupa. Koroga karanga kwenye maji kidogo ya uvuguvugu, mimina, ongeza maharage, uyoga na hoho, acha dakika kumi kwa moto mdogo. Karanga hushika chini haraka, usiondoke jikoni. Epua, kamulia ndimu.

Nje ya nyumbani

Anza kuacha palipo rahisi: soseji na supu ya asubuhi wiki ya kwanza, nyama ya mchana wiki ya pili na ya tatu, ya usiku wiki ya nne. Nyama choma ya mwisho wa wiki ije mwisho, maana hiyo ni kukutana na watu kuliko kula. Nenda tu, agiza ndizi choma, kachumbari na mayai.

Kwa mama ntilie, mazoea ni kumwagia mchuzi wa nyama juu ya wali hata kama umeomba maharage. Wahi kusema kabla hajachota: "Mama, wali maharage na mboga za majani, mchuzi wa nyama usiniwekee." Pilau iache, mara nyingi imepikwa kwa supu ya nyama. Chipsi uliza kama mafuta ndiyo yanayokaanga kuku.

Ugenini, hasa Krismasi mkipanda nyumbani na mbuzi akachinjwa, usisubiri sahani iwe mkononi. Mpigie simu mwenyeji siku mbili kabla: "Shikamoo mama. Nyama nimeacha siku hizi kwa ajili ya afya, naomba nije na sufuria yangu ya kiburu tule wote." Neno afya linapokelewa na kila mzee, na anayekuja na chakula haonekani amekidharau cha wenyewe. Kwenye harusi ndafu ikipitishwa, pokea kipande kwa mikono miwili, shukuru, mpe jirani yako mezani. Atafurahi.

Baada ya miezi mitatu pima wingi wa damu, na ukiweza uangalie B12 pia. Wanawake wanaopata hedhi nzito wapime mapema zaidi, mwezi wa pili. Wingi wa damu ukiwa umeshuka, angalia kwanza ule muda wa chai kabla ya kulaumu maharage.